UZI: "Wewe ni nani katika jambo hili?" Sheria za mazingira na stima tangu 1989, kwa macho ya mtu wa Tudor

MtotoWaTudor

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Chanzo ni jenereta. Nyuma ya nyumba ya mamangu hapa Tudor, Mombasa, kumesimama ghorofa jipya, na kila stima ikipotea (nanyi mwajua inavyopotea) lile dubwana huwashwa. Bomba lake la moshi limeelekezwa moja kwa moja dirisha la chumba anacholala mama. Nilimwendea msimamizi wa jumba, akanicheka. Nikaenda ofisi moja ya serikali, sitaitaja, karani akaniuliza: "Wewe ni nani katika jambo hili? Nyumba ni ya nani? Una karatasi ya daktari kwamba mama ameumia?" Hati ya nyumba bado ina jina la marehemu babu, na mama hajalazwa popote. Nikarudi nilivyokwenda.

Swali lile likanikaa kooni. Mimi si wakili. Nimefanya ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini miaka 19, na kazi yangu ilikuwa kusoma makaratasi ambayo wenzangu hawataki kuyaona. Basi nikaanza kusoma. Nilichokiona ni kwamba karani yule aliniuliza swali ambalo sheria ya Kenya ilishalifuta. Na upande wa nishati, miaka hiyo hiyo, tulikuwa twabadilishiwa vibao vya milangoni.

Naanza na 1989.

MtotoWaTudor

Mwaka huo Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mshtakiwa alikuwa Kenya Times Media Trust, wenye gazeti la chama tawala. Kesi haikufika hata kwenye bustani yenyewe. Mahakama ilisema mama huyu hana haki ya kusimama pale, kwa sababu hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko raia mwingine yeyote. Jumba halikujengwa, kweli, lakini lililolizuia ni kelele na wafadhili kurudi nyuma. Sheria haikuwa na mkono.

Na hukumu ile haikuwa uchawi wa jaji mmoja. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Hatukuwa na sheria moja ya mazingira. Kulikuwa na vipande: afya ya umma huku, maji kule, misitu, wanyamapori, kila kimoja na wizara yake. Moshi ukikusumbua uliitwa "kero". Kero ikikugusa wewe na ukuta wako, shtaki. Ikiwagusa watu wote wa mtaa, hiyo ni ya Mwanasheria Mkuu, mngoje aamke. Yaani moshi ukiwa wa wengi zaidi, ndivyo mwenye kulalamika anavyopungua. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ile watu wa kazi waiitayo EMCA. Kifungu cha 3 chasema kila mtu Kenya ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na kwamba waweza kwenda mahakamani hata kama huwezi kuonyesha hasara au jeraha lililokupata wewe, mradi kesi yako si ya upuuzi wala ya kuchezea mahakama. Miaka kumi tu baada ya kesi ya Uhuru Park. Ukiisoma, ni kama aliyeiandika alikuwa na ile hukumu mezani.

Wakili_Asiyelala

Kaka, umeanza vizuri, niruhusu nikupige msasa kidogo. Sheria ni ya 1999 lakini ilianza kutumika Januari 2000, na NEMA yenyewe, mamlaka ya mazingira iliyoundwa na sheria hiyo, ilifungua milango 2002. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zikaja 2003. Kwa hiyo usimhesabie mtu makosa ya 1999 kwa fimbo ya 2003.

Lingine, na hili ndilo zito: haki ile ya kifungu cha 3 ilikuwa ya sheria ya kawaida. Bunge limeipa, Bunge laweza kuinyang'anya. Mwaka 2010 ikapanda juu. Katiba, kifungu cha 42, inaitaja haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema mlalamishi hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Mtu YEYOTE. Sio mamako, sio jirani, sio paka. Mchapie karani wako kifungu cha 70 ibara ya 3 kwa herufi kubwa umpelekee.

Msema_Kweli_Likoni

Karatasi, karatasi, karatasi. Vifungu hivyo vilikuwa wapi watu wa Owino Uhuru walipokuwa wakinywa risasi?

MtotoWaTudor

Nilijua utakuja, na nafurahi umekuja mapema. Kwa wasioujua, Owino Uhuru ni mtaa hapa hapa kwetu, upande wa Mikindani. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto wakapatikana na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, ndiye aliyeanza kupiga mbiu baada ya mwanawe kuugua. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapata Tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015, kesi ikafunguliwa 2016.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Sasa tazama jambo moja. Katika waliobebeshwa mzigo wa fidia hiyo, NEMA yenyewe imo. Mlinzi wa shamba ametozwa pamoja na mwizi wa mihogo. Mwaka 1989 mahakama haikutaka hata kumsikiza mlalamishi. Mwaka 2020 mtaa wa mabati unaishtaki serikali kwa kulala kazini, na unashinda. Sikusema imetosha.

Msema_Kweli_Likoni

Mtoto aliyekuwa na miaka miwili kiwanda kikifunguliwa alikuwa na 19 Mahakama ya Juu ilipomaliza. Weka hiyo kwenye uzi wako.

MtotoWaTudor

Nimeiweka.

Nahodha_Mstaafu

Vijana, mwaongea mazingira tu, na kichwa cha uzi kina stima. Niingie hapo, nimezeeka nikiitazama mitambo ya stima ya Kipevu kutoka majini.

Kwanza, Mombasa ndiko stima ya Kenya ilikoanzia. Historia ya shirika la umeme yasema jenereta ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash wa Unguja, aliyoinunua 1875 kuangaza jumba lake. Mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua na kuileta Mombasa 1908. Kwa hiyo MtotoWaTudor, jenereta kumkera jirani ni mila ya kale mji huu.

Baadaye stima ilikuwa ya mkono mmoja. Sheria ya 1997 ndiyo iliyogawa: wa kuzalisha akawa KenGen, wa kusambaza akabaki Kenya Power, na pakawekwa bodi ya kuwasimamia. Ndipo pia milango ikafunguliwa kwa watu binafsi wenye mitambo yao. Ukame wa 1999 na 2000 ukayakausha mabwawa, tukakaa gizani kwa zamu, na serikali ikakimbilia dizeli. Kipevu ikajaa mabomba ya moshi. Rabai ikafuata. Moshi huo ulikuwa na leseni zake zote, na bei yake mwailipa mpaka leo kwenye ule mstari wa gharama ya mafuta wa bili ya stima.

MtotoWaTudor

Mzee wangu, shikamoo, umenitolea maneno mdomoni. Hebu niongeze vibao nilivyovisema mwanzo. Ile bodi ya 1997 ikawa tume ya nishati, ERC, kwa Sheria ya Nishati ya 2006. Tume ikawa mamlaka, EPRA, kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Mamlaka ya stima ya vijijini ikawa shirika, na neno "nishati mbadala" likabandikwa kwenye jina lake. Kila kibao kipya kina nembo mpya na magari mapya.

Sisemi hapakuwa na kitu ndani. Ya 2006 ilileta jopo la rufaa la nishati, watu wakapata pa kulalamikia bei na leseni. Ya 2019 imeandika kwamba msambazaji anayeshindwa kufikia viwango vya huduma awajibike kumlipa mteja. Imeandika pia kwamba mrabaha wa mvuke wa ardhini, ule wa kina Olkaria, ugawanywe: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, watu wa mahali penyewe 5. Lakini linganisha mwendo. Mazingira walimpa mwananchi mlango 1999. Nishati, mwananchi alikuwa mteja na mita tu mpaka juzi.

FundiSola_Bamburi

Ongeza hili kaka. Sheria hiyo ya 2019 ilisema mwenye sola juu ya paa anaweza kurudisha stima ya ziada kwenye laini na ahesabiwe kwenye bili yake. Mimi nikawaambia wateja wangu, haya, wekezeni, mambo ni mazuri. Kanuni za kutekeleza zikatoka 2024! Miaka mitano. Kuna hoteli moja huko North Coast mwenyewe akinipigia simu kila mwezi, "Fundi, tayari?" Namwambia bado bosi. Mwisho akaacha kunipigia, akanunua betri.

Kwa hiyo nyie mnaosoma sheria, mniambie: sheria bila kanuni ni nini? Mimi naiita waya bila stima.

Bi_Mkubwa_Majengo

Wanangu nimesoma yote, miwani imepanda na kushuka. Mimi nauza mahamri na viazi karai, sheria ninayoijua ni ya makaa na gesi.

Makaa: walipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, gunia lilipanda mpaka nikataka kulia. Nikahamia gesi. Na gesi nayo, mwakumbuka zamani kila kampuni ilikuwa na mdomo wake wa mtungi? Regyuleta ya huyu haiingii kwa yule. Halafu wakasema midomo yote iwe sawa, wapeleka mtungi wowote, dukani wapewa wowote. Raha. Sasa tena twaambiwa mtungi urudi kwa mwenyewe. Na kodi yapanda yashuka. Huyu anayeandika sheria ashawahi kubeba mtungi wa kilo 13 kutoka dukani hadi orofa ya tatu?

MtotoWaTudor

Shangazi, umetaja kitu ambacho wasomi hukisahau. Kanuni za 2009 ndizo zilizounganisha midomo na kuleta kubadilishana mitungi. Shida ikawa wajanja: mtungi wa kampuni hii wajazwa uchochoroni na mtu asiye na leseni, valvu mbovu, nyumba zikalipuka. Kanuni za 2019 zikavunja ule utaratibu, mtungi ukarudishwa mikononi mwa mwenye jina lake, asijaze mwingine ila kwa ruhusa yake. Kodi nayo: VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudishwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Kwa hiyo serikali moja ilikwambia usikate mti, na mkono wake mwingine ulipandisha bei ya kile cha kukuondoa kwenye makaa. Sheria ya miti na sheria ya kodi hazijuani hata kwa salamu.

Bi_Mkubwa_Majengo

Basi wajuanishe. Mimi ningewafanyia posa bure.

MwanaAmu_Ugenini

Mtoa uzi, mbona hujafika Lamu? Huko ndiko mazingira na stima zilikokutana uso kwa uso.

MtotoWaTudor

Nilikuwa nangoja mwenyewe aje. Tiririka ndugu yangu, nyumbani ni kwenu.

MwanaAmu_Ugenini

Haya. Kwasasi, bara ya Lamu. Walitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Kumbukeni wakati ule Kenya nzima, saa za jioni kila mtu amewasha taa na pasi, ilikuwa haijafika megawati 2,000. Na mji wa Amu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. NEMA ikatoa leseni Septemba 2016.

Save Lamu, kundi la wakazi, na wenzao wakenda jopo la kitaifa la mazingira, NET. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Sababu watu huikosea. Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu. Lilisema watu hawakushirikishwa inavyotakiwa: ile mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kujitambulisha, kabla ya utafiti kukamilika, na ripoti yenyewe ilipotoka hawakurudi kuwafafanulia watu madhara na namna ya kuyazuia. Pia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaitupa.

Babangu ni mvuvi. Kwake yeye kesi haikuwa ya hewa ukaa. Aliniambia, "Walikuja na kofia na soda, wakatuuliza kama twataka kazi. Hawakutuuliza kama twataka bahari."

Wakili_Asiyelala

Maneno ya mzee huyo yangefaa kuwekwa kwenye jalada. Niongeze tu kwamba Lamu hiyo hiyo ilikuwa na kesi nyingine, ya bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76, na maneno ni hayo hayo: kushirikishwa, kupewa habari, riziki na utamaduni wao. Ukizisoma kesi mbili pamoja waona mahakama zimekwishahama. Siku hizi mradi hauulizwi tu "una leseni?" Unaulizwa "hiyo leseni uliipataje, na nani alikuwa ukumbini?"

Ila nisiwadanganye. Mlango uko wazi, nauli ya kufika mlangoni ni yako. Mtaalamu wa kupima hewa halipwi kwa kifungu cha 42. NET nayo ina muda: ukipinga leseni yako au ya mwenzako, hesabu siku 60. Watu wengi huja kwangu siku ya 90 wakiwa na hasira safi na jalada tupu.

Msema_Kweli_Likoni

Haya, na mtambo wa nyuklia waliotaka kuujenga Uyombo? Sheria ya 2019 si ndiyo iliyounda hilo shirika la nyuklia?

MtotoWaTudor

Ndiyo hiyo hiyo, NuPEA imezaliwa humo. Na watu wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana 2024 walikuwa na kitu ambacho Wangari Maathai hakuwa nacho 1989. Hakuna aliyeweza kuwaambia "nyinyi si wahusika". Waliambiwa mengine, na walipigwa pia, lakini si hilo.

Kuna kipande kimoja zaidi na nitakipitia mbio maana chahitaji uzi wake. Sheria ya tabianchi ilifanyiwa marekebisho Septemba 2023, siku chache kabla ya ule mkutano wa viongozi wa Afrika Nairobi, ikaingiza biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza hewa ukaa. Mradi wa ardhini sasa lazima uweke mkataba na jamii, na jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato. Sisi Pwani twajua habari hii zamani: Gazi, Kwale, kina mama na wavuvi wa Mikoko Pamoja walikuwa wakiuza kaboni ya mikoko tangu 2013, muongo mzima kabla sheria haijajua kuiandika. Hapo sheria ilikuja nyuma ya watu na kuokota nyayo zao.

FundiSola_Bamburi

Na mifuko ya plastiki? Ile ndiyo sheria pekee ya mazingira niliyoiona ikifanya kazi kwa macho yangu. Agosti 2017, sokoni Kongowea, wiki moja mifuko iko, wiki ya pili imepotea kama pepo.

MtotoWaTudor

Kwa sababu adhabu yake ilieleweka na mtu yeyote: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au jela mwaka mmoja hadi minne. Walikuwa wameshajaribu 2007 na 2011, zote zikayeyuka. Na ile ya 2017 haikuwa hata sheria mpya, ilikuwa tangazo la gazeti rasmi lililosimama juu ya ile ile EMCA ya 1999. Sheria ya taka yenyewe imekuja 2022. Kwa hiyo FundiSola, yako ilikuwa waya bila stima, hii ilikuwa waya wa zamani ukaunganishwa siku moja.

Nahodha_Mstaafu

Tumezunguka nchi nzima. Jenereta ya mamako imefikia wapi?

MtotoWaTudor

Nilijua mtaniuliza. Nimefanya hivi. Niliandika barua kurasa mbili, nikataja kifungu cha 42 na cha 70 cha Katiba, kifungu cha 3 cha EMCA, kanuni za kelele za 2009 (makazi, nje ya nyumba: desibeli 50 mchana, 35 usiku, lile dubwana hata kipimo cha simu kilikataa) na kanuni za ubora wa hewa. Nakala moja kwa msimamizi wa jumba, moja NEMA, moja kwa kamati ya kitaifa ya malalamiko ya mazingira, ambayo haikutozi kitu kupeleka lalamiko. Nikarudi pia kwa karani yule yule.

Akaisoma. Akaniuliza, "Wewe ni wakili?" Nikamwambia la. "Mwenye nyumba?" La. "Sasa wewe ni nani?" Nikamwonyesha ibara ya 3 ya kifungu cha 70. Akaivuta karibu, akaisoma tena polepole huku midomo ikitembea, kisha akachukua muhuri akagonga. Tarehe na saini.

Jana jioni stima ilipotea kuanzia magharibi hadi saa tatu. Jenereta ikawashwa. Bomba limegeuzwa.

Bi_Mkubwa_Majengo

Alhamdulillahi! Limegeuzwa wapi?

MtotoWaTudor

Shangazi, limeelekea dirisha la jirani wa upande wa pili. Asubuhi amekuja kwangu kuomba nakala ya ile barua.